Betri yapanda baiskeli: Anayenyonga ataachiwa nini?

*Ujerumani na Uholanzi, baiskeli zenye mota zimefika hatua ya kuuzwa kwa wingi kuliko za kawaida. Afrika Mashariki, ambako baiskeli ni kazi kabla ya kuwa mchezo, ushindani una sura nyingine kabisa.*

Barabara ya Taifa namba 1 ya Burundi hutoka Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, na kuanza kupanda mara moja. Katika kilomita zipatazo 35 inamtoa msafiri kwenye joto la ziwani, mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, na kumfikisha kwenye ukungu wa Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Malori yanayopanda huko hunguruma kwa gia ndogo. Nyuma ya lori utaona vijana wawili, watatu, pengine zaidi, kila mmoja juu ya baiskeli yake, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika chuma cha bodi.

Wakifika juu hupakia mikungu ya ndizi au magunia ya makaa, kisha hugeuza kuelekea mjini. Kushuka hakuhitaji lori. Kunahitaji breki, na breki za baiskeli iliyobeba mzigo unaomzidi mwendeshaji uzito si za kutegemea sana katika kona za mlima ule. Wapiga picha wa mashirika ya habari ya dunia wamepanda Bugarama miaka nenda rudi kuwapiga picha, na watu wamekufa pale. Vijana wanaijua hatari. Ila wanajua pia kwamba hakuna mguu unaoweza kuunyonga mlima huo kila siku na kazi ikalipa.

Tatizo hilohilo la mlima na mguu ndilo viwanda vya Ujerumani, Japani na China vinalolitengenezea mashine kwa mamilioni. Wale wa Bugarama walishapata mota yao zamani: lori la mtu mwingine.

Ukiacha kunyonga, nayo inaacha

Wazo la kuweka mota kwenye baiskeli ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 31 Desemba 1895, Mmarekani Ogden Bolton wa mji wa Canton, Ohio, alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma. Lakini betri za wakati ule zilikuwa mzigo wenyewe, na wazo likalala karibu karne nzima.

Iliyoliamsha ni kampuni ya Yamaha ya Japani, mwaka 1993, ilipotoa baiskeli iliyoiita PAS. Ujanja wake haukuwa mota tu bali namna mota ilivyotii mguu. Kwenye pedeli kulikuwa na kihisi kinachopima nguvu ya anayenyonga. Ukikanyaga kidogo, mota inaongeza kidogo, ukikaza, nayo inakaza, na ukiacha inanyamaza. Betri za lithiamu zilipopata unafuu miaka iliyofuata, kifaa kizima kikawa chepesi kiasi cha mtu kukibeba hadi ghorofani.

Sheria za Umoja wa Ulaya zimejengwa juu ya utii huo. Mota isizidi wati 250, msaada wake ukome mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa, na isifanye kazi bila pedeli kuzunguka. Ikitimiza hayo, kisheria ni baiskeli: haina namba za usajili wala leseni. Zile zinazosaidia hadi kilomita 45 kwa saa huhesabiwa kundi lingine, na Uholanzi tangu 2017 inazidai namba na helmeti. Marekani imelegeza kamba zaidi, inaruhusu hadi wati 750.

Kisha kuna aina ya pili, yenye eksileta ya mkononi. Unazungusha, inakwenda, miguu imepumzika. Nayo mtaani huitwa baiskeli ya umeme, huuzwa dukani kando ya ile ya kwanza, na picha zake hutumiwa kwenye matangazo yaleyale. Msomaji aikumbuke tofauti hii, maana sehemu kubwa ya ugomvi wa leo inatokana na kuzichanganya.

Ulaya imeshaamua

Ujerumani ni soko kubwa la baiskeli hizi barani Ulaya. Mwaka 2023, kwa takwimu za chama cha viwanda vya baiskeli nchini humo, ZIV, ziliuzwa za umeme milioni 2.1 dhidi ya milioni 1.9 za kawaida. Ilikuwa mara ya kwanza za umeme kuongoza. Mwaka 2024 biashara nzima ilipungua, lakini uwiano ukabaki palepale, 53 katika kila 100.

Uholanzi, nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu, nayo ilivuka nusu. Mwanzoni baiskeli za umeme zilionekana vifaa vya wazee wasiotaka kuacha kutembea. Leo anayezinunua ni mama anayepeleka watoto wawili shule kwenye kasha la mbele, ni mfanyakazi anayekaa kilomita 15 kutoka ofisini, ni kijana wa sekondari anayetaka ile yenye matairi mapana kwa sababu rafiki zake wanayo.

> Mwaka 2023 bei ya wastani ya baiskeli ya umeme Ujerumani ilifika karibu euro 3,000. Ya kawaida ilikuwa karibu euro 500.

Bei hizo zinaeleza kwa nini wauzaji hawalalamiki. Idadi ya baiskeli zinazouzwa ikipungua, fedha inayoingia haipungui vilevile. Wanaolalamika ni wale wanaoona kitu rahisi kikigeuzwa kitu ghali: kifaa ambacho kwa zaidi ya miaka 100 mtu alikirithi kutoka kwa babu yake, sasa kinataka chaja, programu ya simu na fundi aliyesomea kampuni moja.

Wapo pia wanaoona ni udanganyifu. Katika mbio hoja hiyo si ya utani. Januari 2016, kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za matopeni mjini Zolder, Ubelgiji, mashine za wakaguzi ziligundua mota iliyofichwa ndani ya fremu ya baiskeli iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili ya Femke Van den Driessche, kijana wa nyumbani. Alijitetea kwamba haikuwa yake. Shirikisho la dunia, UCI, lilimfungia miaka sita. Miaka mitatu baadaye UCI hiyohiyo ilianzisha taji la dunia la baiskeli za milimani zenye mota, huko Mont-Sainte-Anne, Kanada. Kosa la Zolder, basi, lilikuwa kuificha.

Kuhusu afya, wenye mota wana jibu zuri kuliko wapinzani wao wanavyopenda kukiri. Utafiti uliochapishwa 2019, uliowafuata watu katika miji saba ya Ulaya, ulikuta kwamba jumla ya mazoezi ya wiki kwa waendesha baiskeli za umeme na wa kawaida inakaribiana, kwa kuwa wenye mota husafiri mbali zaidi. Aliyeacha gari akapanda baiskeli ya umeme amefaidika sana. Aliyeacha baiskeli ya kawaida amepoteza kidogo. Swali la afya linarudi kuwa swali la jambo ambalo mtu ameliacha.

Moto na majeneza

Mwaka 2022 Uholanzi ilizika waendesha baiskeli 291 waliokufa barabarani, idadi ambayo haikuwa imefikiwa tangu takwimu hizo zianze kukusanywa kwa utaratibu wa sasa katika miaka ya 1990. Wengi walikuwa wazee. Ni haki kusema kwamba wazee sasa wanaendesha zaidi kuliko zamani, na mwili wa miaka 75 ukianguka hauinuki kama wa miaka 25. Lakini ni haki pia kusema kwamba mota imewapa mwendo ambao miguu yao isingewapa.

New York hofu yao ni moto. Wapelekaji wa chakula huchaji betri vyumbani mwao, nyingine zimefunguliwa na kuunganishwa upya kwa seli za kuokoteza. Mwaka 2023 zimamoto wa jiji hilo walihesabu mioto 268 iliyotokana na betri za lithiamu, na vifo 18. Jiji likapitisha sheria inayokataza kuuza au kukodisha baiskeli ambayo betri yake haijathibitishwa ubora. Nanjing, China, Februari 2024, moto ulioanzia ghorofa ya chini ya jengo la makazi palipoegeshwa baiskeli za umeme uliua watu 15.

China inastahili kutazamwa kwa makini kuliko Ulaya, kwa sababu ndiko mabadiliko yalikomalizika. Miji mingi ilipopiga marufuku pikipiki za petroli, watu waliokuwa wakinyonga baiskeli hawakurudi kwenye pedeli. Walinunua mashine za eksileta. Leo nchi hiyo ina zaidi ya milioni 300 za namna hiyo. Kiwango cha taifa cha 2019 kiliziwekea ukomo wa kilomita 25 kwa saa na uzito wa kilo 55, na kikataka ziwe na pedeli. Viwanda vikaweka pedeli. Hakuna aliyezikanyaga. Kiwango kipya kilichoanza kutumika Septemba 2025 hakilazimishi tena pedeli, na hapo ndipo mashine ile ilipoacha hata kujifanya baiskeli.

Kwetu, petroli ilitangulia

Ukiibeba hadithi ya Ulaya nzima na kuileta Afrika Mashariki, inakosa mlango wa kuingilia. Huku baiskeli haikungoja umeme ndipo ipokonywe kazi.

Usafiri wa abiria kwa baiskeli ulianza mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Kati ya vituo viwili vya forodha palikuwa na umbali wa kuchosha kwa mtu mwenye mizigo, na vijana wenye baiskeli waliona riziki pale. Keria ya nyuma ikatiwa mto wa sponji, na bodaboda ikazaliwa. Kazi hiyo ikasambaa Jinja, Kampala na Kisumu. Shinyanga wakawa na zao na kuziita daladala. Tanzania ilikuwa hata na baiskeli yake ya kujivunia, Swala, iliyotoka kwenye kiwanda cha umma Dar es Salaam, kabla Phoenix za China na Avon za India hazijatawala vijiji.

Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwa pikipiki zisizozidi cc 250. Pikipiki za bei nafuu kutoka India na China zikaingia, na katika miaka michache jina la bodaboda likahamia kwenye injini. Aliyekuwa akinyonga alipata njia mbili: kukopa pikipiki, au kubaki na safari fupi ambazo mwenye pikipiki anazidharau.

> Baiskeli ya abiria ilishindwa na pikipiki kwa kodi, mwendo na mlima, miaka mingi kabla betri ya lithiamu haijafika Busia.

Ndiyo maana mjadala wa kama mota inaharibu utamu wa kunyonga hauna wasikilizaji wengi Kisumu au Tabora. Anayenyonga kilomita 20 na magunia mawili ya mkaa hajawahi kuudai utamu huo.

Umeme umekuja na pikipiki

Kilichofika kwetu kwa kishindo ni pikipiki za umeme. Kigali, kampuni ya Ampersand iliweka pikipiki zake za kwanza za abiria barabarani mwaka 2019, kwa mfumo wa kubadilisha betri kituoni badala ya kusubiri ichajiwe. Serikali ya Rwanda ikaenda mbali zaidi: kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya za kubeba abiria jijini humo husajiliwa zikiwa za umeme tu. Septemba 2023, Rais William Ruto wa Kenya alizindua Mombasa mpango wa taifa wa pikipiki za umeme. Nairobi kampuni ya Roam, iliyoanza ikiitwa Opibus, ina kiwanda cha kuziunganisha.

Ni habari njema kwa mapafu ya watu wa mjini, na kwa Kenya hasa, ambako sehemu kubwa ya umeme hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, hoja ya mazingira haina mzaha ndani yake. Kigali nako hewa ya barabarani itakuwa nyepesi. Hakuna ubishi.

Ubishi uko kwenye hesabu ya nani ameonekana. Katika hotuba nyingi za usafiri wa umeme, baiskeli hutajwa kama kiambatanisho. Kenya angalau iliitaja kisheria: Sheria ya Fedha ya 2023 iliziweka baiskeli za umeme, pamoja na mabasi ya umeme na betri za lithiamu, kwenye kundi lenye VAT ya asilimia sifuri. Mwaka uliofuata Muswada wa Fedha wa 2024 ukaja na mapendekezo ya kubana nafuu za namna hiyo, kabla muswada wote haujaondolewa kufuatia maandamano ya Juni. Mfanyabiashara aliyetaka kuagiza kontena la baiskeli za umeme katika miezi ile angehitaji moyo.

Pamoja na hayo, baiskeli zenyewe zipo. Nairobi, kampuni ya eBee ilianza kuwakodisha wapelekaji wa chakula baiskeli za umeme badala ya kuwaacha wakope pikipiki. Kando ya Ziwa Victoria upande wa Homa Bay, kampuni ya WeTu imejaribu baiskeli za mizigo zinazochajiwa kwa jua. Jinja, shirika la FABIO, ambalo limekuwa likitetea baiskeli Uganda kwa miongo kadhaa, limeshirikiana na Wajerumani kuleta AfricroozE, baiskeli ya umeme iliyokusudiwa mizigo na hata wagonjwa.

Ni miradi midogo ikilinganishwa na fedha iliyomwagwa kwenye pikipiki. Mwenye kuiona midogo akumbuke tu kwamba baiskeli ya abiria nayo ilianza na keria moja na mto wa sponji.

Hesabu ya uniti

Tuchukue betri ya kawaida ya baiskeli, yenye ujazo wa wati-saa 500, yaani nusu uniti. Kwa mwendo wa wastani, mwendeshaji akinyonga kwa uaminifu, hutumia wati-saa 10 hivi kwa kilomita. Hiyo ni safari ya kilomita 50. Mteja wa kawaida wa TANESCO hulipa takribani shilingi 350 kwa uniti, kwa hiyo hata ukiongeza unaopotea kwenye chaja, safari hiyo haifiki shilingi 250. Pikipiki ya petroli hula karibu lita moja kwa umbali huo, na lita moja imekuwa ikicheza kwenye shilingi 3,000. Baiskeli ya kawaida nayo haiendi bure, inataka sahani ya wali maharage, ila sahani hiyo mwendeshaji angeila vyovyote.

Kwa gharama ya kila siku, basi, pikipiki ya petroli imeshindwa vibaya. Shida ya baiskeli ya umeme ni siku ya kununua. Kwa kijana wa kijijini, baiskeli ya umeme inabaki mara kadhaa ya bei ya Phoenix, na fedha nyingi imo kwenye betri, ambayo baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa huanza kuchoka. Joto huiharakisha kuchoka. Betri ikifa, mwenye baiskeli amebaki na baiskeli nzito ya kunyonga.

Hapo ndipo ukodishaji na vituo vya kubadilisha betri vinapopata maana. Lakini kituo cha kubadilishia betri hufunguliwa palipo na wateja wengi, na wateja wengi wako mjini, kwenye lami. Mkulima wa Kasulu hatakiona kesho.

Fundi wa chini ya mwembe

Mtandao mkubwa wa huduma za usafiri Afrika Mashariki haumilikiwi na kampuni yoyote. Ni mafundi baiskeli. Kila mmoja ana spana mbili tatu, pampu, beseni la maji la kutafutia pancha, vipande vya tyubu ya zamani vya kuzibia, na kopo la beringi zilizookolewa kwenye baiskeli zilizokufa. Anaweza kunyoosha rimu kwa jicho. Karibu kila senta kubwa ya kijiji ina mmoja.

Mpelekee baiskeli ya umeme, atatengeneza nusu yake bila shida: tairi, cheni, breki, spoku. Nusu nyingine ni kihisi, mota, kontrola na betri yenye saketi ya kuilinda. Hakuna kinachomzuia kujifunza. Mafundi simu wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue, Nairobi, walijifunza vitu vigumu kuliko hivyo bila darasa. Kinachomzuia ni mtengenezaji anapofunga mlango: betri ya umbo lake pekee, plagi yake pekee, programu isiyokubali kipuri cha nje.

Ulaya imeshalipa ada ya somo hilo. VanMoof ya Amsterdam ilikuwa kampuni iliyosifiwa kuliko nyingi, baiskeli zake zikifunguliwa kwa simu. Julai 2023 ilifilisika. Wateja wakaanza kuhangaika kunakili funguo zao za kidijitali kabla seva hazijazimwa, na kampuni shindani ya Cowboy ikawatengenezea programu ya kuwasaidia. Baiskeli ya zaidi ya euro 2,000 ilikuwa hatarini kugeuka chuma chakavu bila kuharibika hata spoku moja. Serikali inayotoa msamaha wa kodi ina haki ya kuuliza, kabla ya kusaini, kama kontrola itakayoingia nchini inaweza kubadilishwa na fundi asiye na mkataba na mtu.

Njia inagombewa na watatu

Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, ilipojengwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi ilitengewa pia njia za baiskeli, na mwaka 2018 jiji likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu. Anayepita hapo kwa baiskeli leo hukutana na bodaboda zinazokwepa foleni, meza za wachuuzi, na magari yaliyoegeshwa kwa dakika tano za saa nzima. Nairobi iliandika mwaka 2015 sera ya usafiri usio wa injini iliyotaka asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi iende kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Anayenyonga kwenye Jogoo Road anaweza kusema mwenyewe amefikiwa na kiasi gani. Bujumbura walichagua njia ya mkato: Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli zote zilifukuzwa katikati ya jiji kwa amri moja.

Sasa umeme unaongeza mgombea wa tatu kwenye njia ambayo wawili wa kwanza hawajaelewana. Pikipiki ya umeme haina kelele. Ikiingia njia ya baiskeli kwa kilomita 60 kwa saa, anayenyonga atajua imefika ikishampita, au ikishamgonga. Mwenye baiskeli ya umeme ya kunyonga, kwa upande wake, akilazimishwa kuwa na leseni, namba na bima kama mwenye pikipiki, atafanya hesabu ya haraka na kununua pikipiki.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ni ya mwaka 1973, miaka 20 kabla Yamaha haijatoa PAS. Walioiandika hawana lawama. Lakini mstari unaohitajika leo si mgumu kuuchora, na Ulaya imeshauchora: mota isiyofanya kazi bila pedeli, yenye nguvu ndogo na mwendo wenye ukomo, ihesabiwe baiskeli na ipewe njia ya baiskeli. Yenye eksileta ihesabiwe pikipiki, hata kama muuzaji amening'iniza pedeli ubavuni. Mstari ukichorwa penye betri badala ya penye pedeli, tutapata ya China: mamilioni ya mashine tulivu, na watu wanaonyonga wakiwa wamesukumwa mtaroni.

Ya kawaida haijalala

Wanaoiandikia baiskeli ya kawaida tanzia wana haraka. Goma, mji wa Waswahili wa Kivu, bado unasafirisha viazi na makaa kwa chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kisicho na pedeli wala injini, na umekijengea sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Vyombo vya kazi havifi kwa sababu kipya kimetangazwa.

World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa 2005, hutengeneza baiskeli ya Buffalo kwa ajili ya barabara za vumbi. Ina uzito wa kilo 23 hivi, sawa na baiskeli nyingi za umeme, na keria yake hubeba kilo 100. Utafiti uliofanywa Zambia kwa wasichana waliopewa baiskeli hizo ulikuta utoro shuleni umepungua kwa asilimia 28 na muda wa njiani umepungua kwa theluthi. Betri haikuhusika. Mwaka 2023 shirika hilo likatoa Buffalo yenye cheni mbili badala ya moja: mwendeshaji akifika mlimani anarudisha pedeli nyuma kidogo, na gia nyepesi inashika. Haina waya wa gia wala kifaa laini cha kupinda kikigonga jiwe, na fundi wa chini ya mwembe anaielewa akiitazama tu. Ni jibu la mlima lisilohitaji chaja, na litawafaa wengi kabla betri ya bei nafuu haijawafikia.

Mchezo nao uko hai. Septemba 2025 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na watu walijaa kwenye vilima kuwatazama Tadej Pogačar na Magdeleine Vallieres wakishinda kwa miguu yao wenyewe. Katika jiji lilelile, ambalo pikipiki zake mpya za abiria ni za umeme tu.

Basi kama fedha ya umma ipo, izungumziwe mahali inapoweza kufanya kazi kubwa zaidi. Pale mpakani Busia, kwa miaka mingi, wafanyabiashara wenye ulemavu wa miguu wamekuwa wakivusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono, mara nyingi kukiwa na msaidizi wa kusukuma nyuma. Mota ya wati 250 kwenye gurudumu la mbele la baiskeli ya namna hiyo ni teknolojia ya kawaida kabisa, inayofungwa kwa spana. Inamwondolea mwenye baiskeli gharama ya msukumaji, na inaiachia mikono yake uamuzi wa lini izunguke. Mwenye baiskeli huyo hahitaji kituo cha kubadilisha betri. Anahitaji soketi moja karibu na ofisi ya forodha, na kipengele cha sheria kinachosema kwamba alichopanda bado ni baiskeli.